Gari Lisikie "Hapana" Yangu Kwanza

Milisekunde 130. Hata jicho halijamaliza kupepesa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin waliwavisha watu 18 kofia zenye elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme wa ubongo, wakawakalisha kwenye gari la kuigiza lenye skrini, wakawaambia waendeshe kilomita 100 kwa saa wakilifuata gari jingine kwa karibu. Ghafla gari la mbele likapiga breki. Kompyuta iliyokuwa ikisoma umeme wa ubongo na wa misuli ya mguu ikajua kwamba dereva anataka kusimama milisekunde 130 kabla mguu haujakanyaga breki. Kwa hesabu ya watafiti wenyewe, kwa mwendo ule muda huo unaokoa mita 3.66 za lami.

Nimezifikiria sana mita hizo. Mimi naishi Lamu, mji ambao vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, kwa hiyo kwetu gari ni jambo la ng'ambo. Unavuka kwa boti hadi Mokowe, unapanda basi la Mombasa, na kuanzia Hindi mpaka Garsen roho yako umemkabidhi dereva ambaye hata sura yake hukuiona vizuri. Mita 3.66 mbele ya basi, pale Witu watoto wanapovuka kwenda shule, zinatosha kumrudisha mtoto kwao mzima. Ndiyo sababu siwezi kuipuuza teknolojia hii wala kuicheka. Naitaka. Lakini naitaka ijengwe kwa namna fulani, na kwa watu fulani kwanza, na hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Januari 2018, Las Vegas, kampuni ya Nissan ilionyesha mfumo wake wa kuunganisha ubongo na gari. Dereva anavaa kofia yenye elektrodi. Gari linaona ubongo ukijiandaa kuzungusha usukani au kukanyaga mafuta, nalo linaanza kutenda kati ya sekunde 0.2 na 0.5 kabla ya dereva, taratibu, mpaka dereva mwenyewe asitambue kwamba amesaidiwa. Msingi wake si mgeni. Miaka ya 1960, katika mji wa Freiburg, Hans Kornhuber na Lüder Deecke waligundua kwamba kabla mtu hajasogeza kidole kwa hiari yake, ubongo wake unaanza kupandisha wimbi dogo, sekunde moja au zaidi kabla ya kitendo. Mwili unatanguliwa na matayarisho yake.

Sasa hapa pana jambo ambalo ningependa kila mhandisi wa magari alale nalo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mwingine wa Berlin, wa Matthias Schultze-Kraft na wenzake, ambapo watu walicheza na kompyuta iliyokuwa ikisubiri wimbi lile lile la matayarisho. Ikiliona, inawasha taa nyekundu kumzuia mtu asitende. Wengi waliweza kujizuia hata baada ya ubongo kwisha kuanza kujiandaa, ilimradi hawajafika karibu milisekunde 200 kabla ya mwendo wenyewe. Baada ya hapo hakuna kurudi.

Weka tarakimu hizo mbili pamoja. Gari linatenda sekunde 0.2 mpaka 0.5 kabla yako, nawe una uwezo wa kughairi mpaka inapobaki sekunde 0.2. Maana yake lipo pengo ambamo gari limeshaanza kukata kona kwa nia ambayo ulikuwa njiani kuiacha. Umetaka kulipita lori, ubongo umejiandaa, halafu umeona taa za gari linalokuja, ukajirudi. Ule mwanzo wa kwanza ni wa nani? Chuoni, tukiwa watoto tumekaa juu ya mkeka, mwalimu alitufundisha kwamba mja akinuia baya kisha akaliacha, huandikiwa jema. Nililelewa nikijua kwamba kati ya nia na kitendo pana nafasi, na kwamba heshima ya mwanadamu imo humo. Gari linaloiziba nafasi hiyo ili kona iwe laini zaidi limenichukulia kitu kikubwa.

Breki ni jambo jingine. Kusimama mapema, hata kwa kosa, mara nyingi kuna madhara madogo kuliko kupita kwa kosa. Ndiyo maana ule utafiti wa mita 3.66 naupenda zaidi kuliko kona laini za Las Vegas.

Watu wengi wakisikia habari za gari na ubongo hufikiri kwamba gari litasoma mawazo. Ndoto hiyo ni ya tangu zamani, na aliyeianzisha aliianza kwa ajali. Hans Berger alikuwa kijana jeshini nchini Ujerumani, miaka ya 1890, farasi wake alipomtupa chini mbele ya mzinga uliokuwa ukivutwa. Gurudumu lilisimama karibu limsage. Siku ile ile dada yake, mbali huko nyumbani, alishikwa na hofu kwamba kaka yake amefikwa na jambo, akamfanya baba yao apeleke telegramu. Berger akaamini kwamba hofu yake ilisafiri kutoka kichwa chake hadi cha dada yake. Akawa daktari wa maradhi ya akili mjini Jena, akatafuta njia ya kuipima nguvu hiyo. Nguvu ya kusafirisha mawazo hakuipata. Alichokipata mwaka 1924, akakitangaza mwaka 1929, ni kwamba ubongo wa binadamu una umeme unaopanda na kushuka, na kwamba unaweza kuchorwa kutoka juu ya kichwa. Kila kofia ya elektrodi iliyowahi kuingia kwenye gari imetokana na kazi ya yule kijana aliyeanguka farasini.

Na umeme wenyewe ni hafifu ajabu. Ukifika kwenye ngozi ya kichwa ni makumi tu ya maikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja, wakati betri ya simu yako ina karibu volti nne. Umepenya maji, mfupa na ngozi, na unatoka kwa seli nyingi mno zikitenda kwa pamoja, kwa hiyo hausemi neno wala hauonyeshi picha. Ukikaza meno, misuli ya taya inaufunika. Ukipepesa jicho, vivyo hivyo. Mtu aliyekaa kimya maabara anasomeka kwa shida. Mweke basini kwenye njia mbovu, jasho likimtiririka, abiria nyuma wakibishana nauli, uone kitakachobaki.

Ipo njia ya kupata ishara safi zaidi, nayo ni kuingia ndani ya fuvu. Januari 2024 Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini, aliwekewa kifaa cha kampuni ya Neuralink chenye elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele. Baada ya wiki chache baadhi ya nyuzi zilichomoka kwenye ubongo, lakini aliendelea kusogeza kishale cha kompyuta na kucheza sataranji kwa kukusudia tu. Kwa mtu kama yeye upasuaji ule una maana. Hakuna mwenye mikono mizima atakayepasuliwa kichwa ili aegeshe gari.

Basi kofia inaweza nini hasa? Jibu zuri lilipatikana mapema, na nashangaa halitajwi zaidi. Mwaka ule ule wa 2011, chuo kingine cha Berlin, Freie Universität, kikundi cha Raúl Rojas kilipeleka gari halisi kwenye uwanja wa ndege wa Tempelhof, uliokuwa umeshafungwa. Dereva alijizoeza kwanza kwa kusukuma mchemraba kwenye skrini kwa mawazo, hadi programu ikazitambua ishara zake nne: kushoto, kulia, ongeza, punguza. Akaliendesha gari kwa ishara hizo, nalo likamtii kwa kuchelewa kidogo. Kisha wakajaribu namna ya pili. Gari lilijiendesha lenyewe kwa kamera, rada na leza, na dereva akaulizwa kwenye njia panda peke yake: kushoto au kulia? Kwa maoni yangu namna ya pili ndiyo iliyokuwa na akili. Kuchelewa nusu sekunde kwenye usukani kunaua. Kuchelewa nusu sekunde kuamua unakwenda wapi hakumdhuru mtu.

Mercedes-Benz nao, Septemba 2021 mjini Munich, walionyesha gari lenye nukta za mwanga kwenye dashibodi. Unakazia macho nukta moja, ubongo unaitikia mwanga huo kwa nguvu zaidi, kifaa kilicho kisogoni kinaliona itikio, na gari linatimiza ulichochagua. Ni kazi safi ya kiufundi. Ila mtu mwenye kidole angebonyeza tu.

Mwaka 2003 watafiti wa NASA, Frank Flemisch na wenzake, walipendekeza kwamba chombo chenye akili kijengwe kwa kumwiga farasi na mpandaji wake: mpandaji anaweza kukaza hatamu na kuamua kila hatua, au kuilegeza na kumwachia mnyama. Nilipolisoma pendekezo hilo nilitoka nje nikasimama kizingitini kutazama. Hapa kwetu hakuna farasi, lakini muangalie kijana anayerudi Langoni baada ya kushusha mchanga. Ameketi nyuma kabisa, juu ya matako ya punda, miguu inaning'inia, shogi tupu mbele yake. Hatamu hana. Ana kijiti. Akitaka kwenda kulia anagusa shingo upande wa kushoto, basi. Pa kuweka kwato anapajua punda: anauruka mfereji, anajibana ukutani kidogo kumpisha mama aliyebeba kapu, anasimama mtoto akikatiza mbele. Kijana huyo huku anazungumza na simu. Kazi zake mbili tu: kusema tunakwenda wapi, na kukataa punda akikosea.

Kukataa. Hapo ndipo ubongo una kitu ambacho hakihitaji kufundishwa. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi wanajua kwamba mtu akitambua kosa lake, na baadaye ikaonekana hata akiona la mashine, ubongo wake hutoa wimbi la pekee ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, mbele katikati ya kichwa. Hufikirii chochote, hujikazi, limetoka lenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa MIT na Chuo Kikuu cha Boston walimkalisha mtu amtazame roboti akitenga makopo ya rangi na vigurudumu vya kuzungushia waya. Roboti akinyoosha mkono kusiko, ubongo wa mtazamaji unasema hapana, na roboti anabadilisha mkono. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kikundi cha José Millán kilichokuwa EPFL, chuo cha teknolojia cha Uswisi, kwa ushirikiano na Nissan, kilichapisha jaribio kama hilo lililofanywa garini, barabarani: kabla ya njia panda, skrini inaonyesha mshale, na ikiwa mshale hauelekei anakokwenda dereva, alama ya kosa inaonekana kwenye mawimbi yake. Haikusomeka sawasawa kila mara, lakini ilisomeka ndani ya gari linalotembea, na hilo si dogo.

Hilo ndilo gari ninalolitaka. Lijiendeshe kadiri linavyoweza, liniulize njia, na lisikie hapana yangu kabla ya kitu kingine chochote.

Na simtakii mtu mwenye mikono kwanza. Mtoto wa ami yangu alikuwa mkwezi, mmoja wa wale wanaopanda mnazi huku wanakusimulia habari. Alianguka. Uti wa mgongo uliumia karibu na shingo. Mabega yanasogea, vidole havifungi. Ana kiti cha magurudumu alichopewa kama msaada, chenye usukani wa kidole asioweza kuushika. Nyumba yao ina ngazi tatu za mawe kabla hujafika kichochoroni, kisha mfereji, kisha kona ambayo punda wawili wenye shogi hawapishani. Akiwa na safari ya hospitali ng'ambo, wanaume wanne wanamnyanyua na kiti chake hadi gati. Mmoja anatangulia akipiga kelele "Simileni! Simileni!", watu wanajibana kwenye baraza. Pale gatini, maji yakiwa yamekupwa, boti iko chini sana, wanamshusha wakimshika makwapa, kichwa chake kikiwa kifuani mwa mtu. Yeye hunyamaza njia nzima. Nimewahi kushika mguu mmoja wa kiti hicho na najua ukimya ule una uzito gani.

Nilimweleza habari za Las Vegas na Munich. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema: "Sasa mtu mwenye mikono miwili, mzima, ataka gari limsome kichwa apate nini? Si wampe asiyekuwa nayo?"

Nikamweleza basi habari za viti. Mwaka 2022 Millán huyo huyo, sasa akiwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, pamoja na wenzake, walichapisha kazi na watu watatu waliopooza mikono na miguu. Kofia tu, hakuna upasuaji. Walijizoeza mara tatu kwa wiki, kwa miezi kati ya miwili na mitano, wakikusudia kusogeza mikono yote miwili ili kiti kigeukie upande mmoja, na miguu ili kigeukie upande mwingine. Kiti chenyewe kilikuwa na vihisi vya kuona vizuizi, kikijaza palipopungua. Wawili kati yao waliboreka mno na wakakipitisha kiti kwenye chumba kilichojaa vitu, vitanda na mapazia ya hospitali. Wa tatu hakuboreka baada ya siku za mwanzo, naye akashindwa kufika mwisho. Kilichonigusa ni maelezo yao: mashine pekee kujifunza hakukutosha, ubongo wa mtu nao ulipaswa kubadilika, kujifunza kutoa ishara zilizo wazi. Huo ni ufundi kama ufundi mwingine, unapatikana kwa mazoezi. Mkwezi anaelewa hilo haraka kuliko mimi. Aliuliza kuhusu yule wa tatu zaidi kuliko wawili waliofaulu: aliambiwa nini, je, walimwacha tu?

Swali lake la pili lilikuwa la nywele. Nilimwonyesha picha za kofia, akaniambia, "Hizi si za vichwa vyetu." Amesema kweli. Elektrodi inahitaji kugusa ngozi, na nywele za kipilipili huisukuma juu. Kwa miaka mingi watu wenye nywele kama zetu wameachwa nje ya tafiti au vipimo vyao vimetupwa. Mwaka 2020 Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, na wenzake, walitoa elektrodi zinazokaa katikati ya matuta yaliyosukwa kufuata mistari ya vipimo, zikabanwa na misuko yenyewe. Nikiwaza wasusi walioko mji huu naona hapo kuna kazi tunayoiweza kuliko maabara nyingi. Programu iliyofunzwa kwa vichwa vya Berlin na Austin peke yake itatusoma vibaya, na kusomwa vibaya ukiwa ndani ya chombo kinachotembea ni hatari ya mwili.

Kisha yako mawimbi yenyewe, yanabaki kwa nani? Kofia inayojua unataka kukata kona inajua pia umechoka, umeshtuka, umevutiwa na nini njiani. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yake mwaka 2021, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaiamuru Emotiv, kampuni inayouza vifaa vya kusoma mawimbi ya ubongo, ifute data za ubongo za aliyekuwa seneta, Guido Girardi. Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayolinda habari za afya na za kimaumbile, ila mawimbi ya ubongo haikuyataja kwa jina. Ningependa yatajwe mapema, kabla kampuni ya bima haijamuuliza dereva wa basi la Mokowe jana usiku ubongo wake ulikuwaje.

(Kuhusu usingizi wa madereva, hauhitaji kofia. Umoja wa Ulaya umeshalazimisha magari mapya yawe na mfumo wa kumwonya dereva anayesinzia, na kamera au mwendo wa usukani unatosha kugundua. Hilo tungeliweka kwenye mabasi yetu kesho, na wala hakuna haja ya kusoma kichwa cha mtu.)

Kwa wale wanaojenga vyombo hivi, na najua wapo vijana wa Pwani wanaosomea mambo haya Nairobi na Mombasa, ombi langu ni moja: leteni kofia hapa. Jaribuni kwenye joto letu na unyevu wetu, kwenye nywele zetu, kwenye kona ya punda wawili. Mtoto wa ami yangu amekubali miezi mitano ya mazoezi, na ameshachagua njia: kutoka mlangoni kwao hadi gati. Anataka ijaribiwe baada ya magharibi, watu wakitoka msikitini na punda wakirudi, na ameweka sharti kwamba akisema hapana kiti kisimame hapo hapo, hata kama kiti kina hakika.